Mali kauli, lakini kauli iandikwe

Na Mwandishi Wetu, Arusha

UKURASA huu kwa kawaida huwaletea bei: maharage ya Kilombero, viazi vya Ngaramtoni, ndizi za Tengeru. Wiki hii naomba wasomaji waniwie radhi, niitumie nafasi hiyo kuzungumzia kitu ambacho hakipimwi kwa mizani, lakini pengine kimewatia hasara wafanyabiashara wengi wa mji huu kuliko panya na mvua. Nacho ni neno lililosemwa likakosa kuandikwa.

Mama mmoja auzaye maharage kwa jumla pale Kilombero, ambaye ameniomba nisimtaje, alipatana kwa simu na mteja wake aliye ng'ambo ya Namanga. Mzigo ulikuwa magunia 120 ya kilo mia mia. Bei, kwa maelezo ya mama, ilikuwa "mia mbili na themanini", yaani shilingi 280,000 kwa gunia. Lori likapakia, likavuka mpaka, mzigo ukashushwa. Siku ya malipo mteja akatuma fedha za "mia mbili na sitini", akaapa kwamba ndivyo alivyosikia. Mama naye akaapa kwamba sitini haijatoka kinywani mwake tangu msimu uanze.

Nimewasikiliza wote wawili, mama ana kwa ana na mteja kwa simu, na kama ningekuwa hakimu nisingethubutu kumwita yeyote kati yao mwongo. Simu ilikuwa inakatika, soko lina kelele, na sitini na themanini zina mkia mmoja. Wazee wa soko waliitwa, wakafanya lile ambalo wazee hufanya: wakaikata tofauti katikati. Gunia likawa shilingi 270,000. Kwa magunia 120, mama akapoteza shilingi 1,200,000, na mteja naye anaamini kwamba ametozwa kiasi hicho hicho bila kosa. Bado wanauziana, ila salamu zao zimepoa.

"Shikamoo mama," nilianza siku ile. "Kwani hamkuwa na maandishi yoyote?"

"Marahaba mwanangu. Maandishi ya nini? Yule ni mtu wangu mwaka wa kumi sasa. Hii ni mali kauli."

Naam, mali kauli. Kila msomaji wa ukurasa huu ameitoa au ameichukua, na sitaki kuibeza. Bila mali kauli nusu ya vibanda vya Kilombero na Soko Kuu vingefungwa kabla ya adhuhuri, maana ni wachache wenye fedha taslimu ya kununulia kila wanachouza. Lakini tazameni kisa hiki vizuri. Uaminifu haukushindwa. Mteja alilipa, tena kwa wakati. Kilichoshindwa ni sikio. Na sikio, ndugu msomaji, halina dhamana benki.

Dawa ya ugonjwa huu haikuvumbuliwa leo. Inaitwa imla. Mkubwa anasema, mwingine anaandika, kisha mkubwa anasomewa na kutia sahihi. Mama yangu mdogo alisomea uhazili Tabora, na hadi leo anaweza kuandika kwa hatimkato mazungumzo ya wageni sebuleni wasijue kwamba wameandikwa. Hatimkato yake ni ya Pitman, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1837, na wahazili wa enzi zake walipimwa kwa maneno 80, 100 na 120 kwa dakika. Baadaye zikaja mashine za kunasia sauti: Olympus ya Japani ilitoa kaseti yake ndogo ya imla mwaka 1969, na meneja aliweza kusemea barua garini na kumwachia mhazili kaseti asubuhi.

Nani alikuwa na mhazili? Mashirika ya umma, vyama vikuu vya ushirika, mabenki, wenye mashamba makubwa ya kahawa. Muuza maharage hakuwa naye. Alikuwa na daftari la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa uzi, na alipokuwa na mikono yenye vumbi au mteja mwingine mbele yake hata daftari hilo halikuguswa. Kwa hiyo tangu zamani kampuni kubwa imekuwa na kumbukumbu, na mchuuzi amekuwa na kumbukizi. Hiyo si tofauti ndogo. Mabishano yanapozuka, mwenye karatasi ndiye anayeongea mwisho.

Sasa imla imeshuka hadi kwa mchuuzi, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Agosti 2017 Google iliingiza Kiswahili, cha Tanzania na cha Kenya, katika lugha ambazo simu inaweza kuziandika kwa kusikia. Kwenye simu nyingi za mguso kuna alama ndogo ya kipaza sauti pale pale unapochapia ujumbe: unaigusa, unasema, maneno yanajiandika. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ikaitoa bure programu iitwayo Whisper, ambayo hupokea sauti iliyokwisha kurekodiwa na kuitoa ikiwa maandishi, Kiswahili kikiwamo. Tangu hapo zimezuka huduma nyingi, za bure na za kulipia kwa dakika au kwa mwezi, ambazo husema zitakunukulia mkutano wako wa saa tatu wakati unakunywa chai.

Zinanukuu kweli? Nilijaribu mwenyewe. Programu niliyoitumia siitaji, kwa sababu sina ugomvi nayo, na jirani zake wana tabia zile zile. Nilisimama mlangoni mwa soko saa nne asubuhi, wapiga debe wakiita abiria kushoto kwangu, nikasemea maagizo ya mzigo kama vile ni mimi mwenye duka. Kisha nikaingia ndani ya gari, nikapandisha vioo, nikarudia maneno yale yale.

Garini sentensi nyingi zilitoka safi kuliko nilivyotarajia, na nakiri nilitabasamu. Mlangoni mwa soko ilikuwa kichekesho. Lakini kilichonitia hofu hakikuwa makosa ya mlangoni, kwa sababu yale yalionekana wazi, hata mtoto angejua hayana maana. Yaliyonitisha ni makosa ya garini, yaliyovaa suti na tai.

Usa River iliandikwa USA, kana kwamba nyanya zangu zinakwenda Marekani. Hilo ni la kucheka. "Saa mbili" ikaandikwa saa 2, na nilipoihamishia kwenye kalenda ya simu ikawa saa nane za mchana. Dereva wa lori angesubiriwa asubuhi nzima. "Lumbesa", ambayo watu wa vipimo wanaikataza na kila mkulima anaijua, ikageuka neno ambalo sijawahi kulisikia. "Jero" ikapotea kabisa, na mia tano yangu ikaenda nayo.

Kisha likaja hili: "Gunia mia mbili." Mashine ikaandika "gunia 200", wala haikukosea hata herufi. Lakini mfanyabiashara wa Arusha anaposema gunia mia mbili, anamaanisha nini? Huenda ni magunia mia mbili. Huenda pia ni gunia moja kwa laki mbili, maana sokoni tumekwisha kuzoea kuiacha "elfu" nje ya mlango. Binadamu aliye katika biashara anajua kwa kusikiliza sentensi iliyotangulia. Mashine haijui, tena haisiti. Mhazili asiyeelewa huinua kichwa na kuuliza, "Samahani mzee, ni idadi au ni bei?" Mashine haina "samahani mzee". Inaandika na kusonga mbele.

Sababu yake haihitaji shahada. Mashine hizi hufundishwa kwa kusikilizishwa sauti pamoja na maandishi yake. Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, karibu theluthi mbili zikiwa za Kiingereza, na fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno. Kiswahili chenyewe kilichomo humo si cha Kilombero. Hakuna aliyeipelekea mashine saa elfu moja za watu wakipatana bei ya vitunguu huku wakitafuna muwa. Shirika la Mozilla limekuwa likikusanya sauti za Kiswahili kwa watu wanaojitolea kusoma sentensi, kazi ya maana sana, lakini anayesoma sentensi iliyoandikwa huwa ametulia, naye mwenye mzigo wa nyanya unaoiva hatulii.

Je, basi tuiache? La hasha. Tuitumie kwa akili ya duka. Mama wa maharage hakuhitaji mashine isiyokosea. Alihitaji maandishi mafupi, yaliyotoka kinywani mwake dakika ileile, yakafika kwa mteja kabla lori halijawashwa. Baada ya simu, angegusa kile kipaza sauti na kusema: maharage ya njano, magunia mia moja ishirini, kilo mia kila moja, bei shilingi laki mbili na themanini elfu kwa gunia, jumla shilingi milioni thelathini na tatu na laki sita, malipo siku ya kushusha mzigo, usafiri juu ya mnunuzi. Angeyasoma kwa macho yake, akarekebisha, akatuma, na asingepakia hadi jibu la "sawa" lirudi.

Angalieni hiyo jumla, kwa sababu ndiyo mlinzi wa mlango. Sitini na themanini sikio laweza kuzichanganya. Lakini kwa 280,000 jumla ni 33,600,000, na kwa 260,000 ni 31,200,000. Thelathini na tatu na laki sita haifanani na thelathini na moja na laki mbili hata simu ikikatika mara saba. Anayetaja bei bila jumla ameacha mlango wazi. Mashine ikikosea bei, jumla itamsuta. Ikikosea jumla, bei itaisuta. Tulifundishwa hivyo katika uwekaji hesabu kwa jina la kulinganisha, na sioni kwa nini lisihamie kwenye ujumbe wa simu.

Ujumbe huo una nguvu pia mbele ya sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokewa kama ushahidi, mahakama ikipima jinsi zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama zimebaki bila kuguswa. Kwa hiyo ujumbe ule usiufute kwa sababu simu imejaa picha za harusi. Na nitofautishe jambo moja ambalo watu hulichanganya: kusemea maneno yako mwenyewe ni imla, na ni haki yako. Kurekodi simu ya mwenzako bila yeye kujua ni jambo jingine, na hata pale lisipokuletea kesi litakuondolea mteja.

Hadi hapo nimezungumza na mwenye duka. Sasa niongee na wale wenye akiba kidogo wanaotafuta pa kuiweka, kwa sababu wapo walioniuliza kama kufungua ofisi ya kunukuu mikutano na kesi hapa mjini ni mradi wa kuaminika. Wameona matangazo, wameona mashine inavyoandika peke yake, wakadhani kilichobaki ni kununua kompyuta mbili na kukaa mlangoni kupokea fedha.

Kabla ya kompyuta, tukumbuke historia ya mji wetu. Arusha imewahi kuwa na kazi ya kunukuu ambayo sehemu nyingi za Afrika hazijaiona. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua kwamba makao yake yawe hapa. Kesi ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, ilianza kusikilizwa Januari 1997 katika jengo la AICC, lile lile ambalo wengi wetu huenda kwa semina na mikutano ya wanahisa. Shahidi alisema Kinyarwanda, wakalimani wakatia Kifaransa na Kiingereza, na waandishi wa mahakama wakageuza sauti kuwa kurasa. Hadi mahakama hiyo ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, watu 93 walikuwa wamefunguliwa mashtaka, mashahidi zaidi ya 3,000 wakasikilizwa, katika siku za vikao takriban 5,800.

Hebu tuzitafakari kurasa hizo kwa jicho la biashara. Katika chumba kile "alikuwapo" na "hakuwapo" vilitofautishwa na silabi moja, na silabi hiyo ingeweza kuwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo sauti yenyewe ilihifadhiwa, ili ubishi ukizuka watu warudi kusikiliza. Kumbukumbu hizo sasa ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji, kwenye majengo ya taasisi iliyorithi kazi za mahakama ile, yaliyofunguliwa Novemba 2016.

Na sisi tulipata nini? Tuseme kweli. Tulipangisha nyumba Njiro na Sakina kwa dola, tuliuza nyama na vinywaji, madereva walipata kazi. Hayo yote ni halali. Lakini kwa maoni yangu, katika miaka ile ishirini tulikula kodi ya pango bila kununua ufundi. Sijaona ofisi ya Mwarusha iliyotoka pale ikiwa na jina la kunukuu kesi, kama zilivyotoka kampuni za magari ya kukodi. Mgeni alipoondoka, nyumba zilibaki na vibao vya "inapangishwa".

Nafasi nyingine imekuja, na hii ni ya Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miaka mingi ya hakimu kusikiliza kwa Kiswahili huku mkono wake ukiandika Kiingereza. Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia akili mnemba kunukuu na kutafsiri mashauri, kwa mfumo uliotengenezwa na kampuni ya Almawave ya Italia. Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yako hapa hapa mjini. Maneno ya Kiswahili yanayohitaji kuwa maandishi yataongezeka. Hilo sina shaka nalo.

Ila kuongezeka kwa maneno si kuongezeka kwa faida. Wenzetu wa Nairobi wana vijana wengi waliojaribu kunukuu sauti za Wamarekani kwa njia ya intaneti, wakilipwa kwa dakika. Waulizeni bei inavyokwenda. Mwaka 2019 kampuni ya Rev ya Marekani ilishusha kima cha chini cha malipo kwa wanukuzi wake kutoka senti 45 za dola hadi senti 30 kwa dakika ya sauti, na hiyo ilikuwa kabla Whisper haijamwagwa bure duniani. Kuchapa maneno peke yake kunaelekea bei ya maji ya bomba.

Tufanye hesabu ya mfano. Msomaji aweke takwimu zake mahali pa zangu. Mnukuzi mzoefu hutumia kama saa nne kwa kila saa moja ya sauti. Akifanya kazi saa nane kwa siku, atamaliza saa mbili za sauti, na kwa siku 22 za mwezi ni saa 44. Tuseme mshahara wake ni shilingi 600,000, na pango, umeme na intaneti ni shilingi 300,000. Jumla 900,000, gawanya kwa 44: kila saa ya sauti imekugharimu zaidi kidogo ya shilingi 20,400 kabla hujapata senti ya faida. Mkutano mkuu wa SACCOS wa saa tatu utakutoka kama shilingi 61,000.

Sasa ingiza mashine. Inatoa rasimu, na mtu anakaa kusikiliza huku akisahihisha. Kama sauti ni nzuri na kazi ikashuka kutoka saa nne hadi mbili, mtu huyo huyo atamaliza saa 88 kwa mwezi, na mkutano ule utagharimu kama shilingi 31,000. Hapa ndipo mwenye mtaji anapokurupuka kwa furaha. Asikurupuke. Kwanza, kama sauti ilirekodiwa kwa simu moja iliyowekwa meza kuu huku wanachama wakiongea nyuma ya ukumbi, rasimu ya mashine itakuchelewesha kuliko kuanza upya. Fedha ya vipaza sauti viwili vizuri ina faida kuliko kompyuta ya tatu. Pili, saa 88 za sauti zinatoka wapi kila mwezi? Mikutano mikuu ya vyama huja kwa msimu, mawakili huleta kazi kwa mafungu, na taasisi kubwa hulipa kwa kujivuta. Nimeona ofisi ya huduma hapa mjini, siyo ya kunukuu, ikifa huku inadai mamilioni.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye akiba ni hili: usinunue mashine, maana mashine kila mtu anayo mfukoni. Nunua msomaji. Tafuta mtu anayejua kwamba gunia mia mbili ni vitu viwili, anayejua Leganga na Lakilaki, anayeisikia "saa mbili" na kuandika saa mbili asubuhi, na aliye tayari kuweka jina lake chini ya ukurasa kwamba amelinganisha kila tarakimu na sauti. Mteja hatakulipa kwa kuandika. Atakulipa kwa sababu yupo wa kumshika kanzu kosa likitokea.

Lipo pia suala la siri, na hapa matangazo ya huduma za bure huwa kimya. Sauti yako ikienda kunukuliwa, mara nyingi inasafiri hadi kompyuta ya mtu aliye nje ya nchi. Mazungumzo ya bei ya maharage yaende tu. Lakini majina ya wanachama, madeni yao na magonjwa waliyotaja walipoomba kuongezewa muda ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za namna hiyo wajisajili kwa Tume, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ofisi ya kunukuu inayoanza bila kuisoma sheria hii imejenga juu ya mkondo wa mto.

Niseme na wanahisa wadogo, maana nao wana hasara yao ya maneno. Tunakwenda mikutano mikuu, tunapewa kofia na maji, mwanahisa mmoja anasimama nyuma na kuuliza swali zuri kuhusu madeni yasiyolipika au gawio lililopungua. Bodi inajibu, tena inaahidi. Mwaka unaofuata kumbukumbu zinasomwa: "Mwanahisa aliuliza kuhusu gawio na alijibiwa." Alijibiwa nini? Ahadi imeyeyuka. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka kampuni iweke kumbukumbu za mikutano yake mikuu na inampa mwanahisa nafasi ya kuzikagua, lakini huwezi kukagua ambacho hakikuandikwa. Kwa bei niliyoonyesha hapo juu, kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam haiwezi kusema kwamba kunukuu maswali na majibu neno kwa neno kutaifilisi. Chai ya wageni rasmi inagharimu zaidi. Mkutano ujao nitasimama kuliuliza hili, na nitalirekodi jibu baada ya kuwataarifu wenye ukumbi.

Wiki iliyopita nilipita tena Kilombero. Mama alikuwa na simu mdomoni, kaishika kama kipande cha muhogo, akiisemea maneno polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mjukuu wake wa darasa la saba alikuwa ameketi juu ya gunia akisoma kwenye kioo kila alichosema bibi.

"Bibi, imeandika laki mbili na themanini, lakini jumla haijaandika laki sita."

"Iache kwanza," akasema mama. "Usitume." Akarudia jumla kwa sauti ya juu zaidi, watu wawili wa kibanda cha pili wakageuka. Nilimwuliza kama mteja wa ng'ambo hachukii kuandikiwa kila kitu namna hii.

"Alichukia mara ya kwanza," alinijibu. "Mara ya pili ni yeye aliyeniambia nimesahau kuandika usafiri unalipwa na nani."